Breki za Bi Aziza

Juma lililopita nilikwenda kwenye hitima ya Bi Aziza, Mji wa Kale. Nilipanda ngazi za mbao za nyumba yake, nikaketi kwenye mkeka pamoja na wanawake wenzangu, mimi Mkristo wa Rabai niliyejitanda mtandio wa kuazima, nikaletewa kikombe cha kahawa chungu na kipande cha haluwa. Msichana mmoja mwenye adabu aliyekuwa akigawa sahani aliniinamia, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Samahani mama, wewe ni nani wake marehemu?" Nilitaka kumjibu kwa neno moja kama walivyojibu wengine, shangazi, jirani, somo, lakini sikulipata. Mwishowe nikamwambia, "Nilimfungia breki za gari." Akatabasamu vile mtu anavyotabasamu anapodhani hakusikia vyema, akaenda zake na sahani. Nilibaki pale na kikombe mkononi, wenzangu wakisoma, na mimi nikiukumbuka mwaka mmoja tu kati ya miaka yote niliyomjua mama yule. Mwaka huo ndio ulionifanya fundi. Pia ndio mwaka ambao nusura niwe mtu mwingine kabisa, mtu ambaye nisingependa kukutana naye.

Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na mitatu, na cheti cha ufundi wa mitambo ambacho hakuna aliyetaka kukitazama. Nilikuwa nimebisha hodi kwenye gereji nane za kisiwani. Kwenye ya kwanza waliniuliza kama nimekuja kuuza chakula. Kwenye ya nane nilijiuliza mwenyewe. Ya tisa ilikuwa ya Fundi Bakari, ghala refu la mabati nyuma ya Buxton, lenye harufu ya grisi na chuma kilichokatwa, na redio ndogo iliyofungwa kwa waya kwenye dirisha. Fundi Bakari alikuwa mtu mfupi, mkimya, mwenye kofia ya vito na ovaroli iliyopauka. Hakukitazama cheti changu. Alinipa kipande cha chuma na kipimo, akasema, "Soma." Nikasoma. "Soma tena, polepole." Nikasoma tena. Akaniambia nije kesho. Nilidhani alikuwa akinipima ukali wa jicho, na kwa miezi mingi niliendelea kudhani hivyo, kwa maana kila kipimo katika gereji ile nilikisoma mimi, kwa sauti, mara mbili. Nilikuwa nimepanga chumba kimoja Tudor, chenye kitanda, stovu na dirisha linalotazama ukuta. Asubuhi nilinunua mahamri mawili na mbaazi kwa mama aliyeuza mlangoni, nikawa nafika kazini nikijiona mtu mwenye bahati kuliko wote mjini.

Miezi mitatu baadaye Bi Aziza aliingia gereji. Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na kitu, amevaa buibui, mrefu, akiuburura kidogo mguu wa kushoto. Nyuma yake alikuwa mumewe, Bwana Athman, mwenye duka la kanga Biashara Street, amemshikia mkoba.

"Sabalkheri, Fundi Bakari."

"Sabalkheri, Bi Aziza. Karibu. Bwana Athman, karibuni."

"Nimekuja kwa ajili ya lile gari."

Fundi aliiweka spana chini. "Lile?"

"Lile lile. Nataka kulipanda tena."

"Mwambie, Fundi," akasema Bwana Athman. "Labda wewe atakusikia. Mimi nimesema hata ulimi umechoka."

Ndipo nilipoijua habari yao, vipande vipande, kutoka kwa huyu na yule. Ujanani mwao wawili wale walishindana mbio za magari. Bwana Athman aliendesha, na Bi Aziza alikaa kando yake na daftari, akimsomea njia: kona ya kulia, kali, daraja, shimo. Watu wa mtaani walisema sana, kisha walipoanza kurudi na vikombe, watu wale wale walijazana barazani kuvitazama. Fundi Bakari ndiye aliyekuwa akiwatunzia gari. Siku moja, wakishuka milima ya Taita kutoka Wundanyi, breki zilizidiwa na moto, Bwana Athman akakanyaga pasipatikane kitu, na gari likaacha njia kwenye kona. Yeye alitoka na mikwaruzo. Bi Aziza alivunjika nyonga. Gari lilitengenezwa bodi, likafunikwa turubai, likawekwa kwenye stoo nyuma ya duka la kanga, na kwa miaka kumi na mmoja hakuna aliyelitaja nyumbani mwao.

"Mlima ule nilishuka nusu," Bi Aziza alimwambia Fundi siku ile, amesimama katikati ya vipuri kama aliye sebuleni kwake. "Nusu ya pili nilishushwa kwa machela. Sitaki kufa na nusu. Wewe nifanyie gari lisimame, basi. Mengine niachie mimi." Kisha akageuka akaniona kwenye mashine ya kukereza. "Na huyu nani?"

"Kadzo. Yeye ndiye hunikatia vyuma."

Akanitazama kuanzia viatu hadi kichwani, akasema, "Vyema. Mwanamke ataogopa panapostahili kuogopwa." Nikamwambia shikamoo. Akaniitikia marahaba, na akanikaribisha chakula cha Ijumaa.

Gari lilikuja limevutwa kwa kamba. Lilikuwa gari la Kijapani la milango miwili, fupi, lenye pua ndefu, wekundu wake umegeuka kuwa rangi ya tofali kuukuu. Injini haikutusumbua, wiki mbili tu, ikawa inanguruma hadi mabati ya ghala yanatetema. Taabu ya gari lile ilikuwa kwamba lilijua kukimbia kuliko lilivyojua kusimama. Diski zake za mbele zilikuwa nyembamba kama sahani, na nyuma lilikuwa na breki za ngoma, ndogo. Kwenye njia tambarare hukuona kasoro. Lakini kwenye mteremko mrefu, ukikanyaga tena na tena, diski zile zilishika moto, moto ukaingia kwenye oili ya breki, oili ikachemka, na mguu wako ukazama hadi sakafuni. Na springi zake zilikuwa zimechoka: ukikanyaga breki gari liliinamisha pua, matairi ya nyuma yakawa yanagusa njia kama yanayoomba ruhusa. Fundi Bakari alinieleza haya yote akiwa amelala chini ya gari, miguu tu ikionekana, na niligundua kwamba mtu huyu mkimya, akiwa chini ya gari, huwa msemaji.

Tuliamua hivi. Mbele tutaweka diski nene, zile zenye nafasi katikati ya kupitishia hewa, kutoka kwa gari kubwa zaidi, pamoja na kalipa zake, yaani zile taya zinazoibana diski. Mipira ya breki tutaitoa yote, tuweke mipya iliyosukwa kwa waya. Springi zibadilishwe, shokamzoba zibadilishwe, na bushi zote nizikereze mimi upya. Vipuri vingine vilitoka kwenye magari yaliyokufa, kule bara ng'ambo ya daraja. Fundi alipotea siku nzima, akarudi na diski mbili amezifunga kwenye kikoi kama mikate. Tatizo lilikuwa moja. Kalipa kubwa haikuingia mahali pa ile ndogo. Palihitajika kipande cha chuma katikati, bamba nene lenye matundu manne, mawili ya kulifunga kwenye gari na mawili ya kuishikilia kalipa. Mabamba mawili, kulia na kushoto. Nguvu yote ya kulisimamisha gari ingepitia hapo. Kazi hiyo Fundi alinipa mimi.

Hapo katikati palizuka ugomvi wa springi, ambao hata leo nikiukumbuka nacheka peke yangu. Bwana Athman alitaka springi ngumu, kama za zamani. Bi Aziza alisema nyonga yake si ya zamani. Wakabishana mbele yetu kwa adabu kubwa, kila mmoja akiongea na Fundi badala ya kuongea na mwenzake. Mwishowe Bi Aziza alikuja na gilasi ya sharubati ya ukwaju, imejaa hadi ukingoni, akaketi kwenye kiti cha abiria, akamwambia mumewe, "Nizungushe Tudor. Ikimwagika, springi zatoka." Wakaenda. Walirudi na buibui limelowa hadi magotini, yeye akiwa ameishikilia gilasi tupu kama ushahidi. Tulizitoa springi. Tulifunga nyingine, laini kidogo, tukabadilisha shokamzoba, wakaenda tena. Mara ya nne alishuka garini akainywa sharubati ile mbele yetu, yote, akampa Fundi gilasi. Na gari, ingawa bado lilikuwa na breki zake kuukuu, liliposimamishwa halikuinama tena. Lilikaa chini kwa miguu yote minne. Bwana Athman alilizunguka, mikono nyuma, akasema taratibu, "Hata zamani halikuwa hivi." Lilikuwa neno la kwanza jema kumsikia akilisema kuhusu gari lile.

Kila Ijumaa gereji ilifungwa mchana, Fundi akaenda msikitini, na mimi nikaenda Mji wa Kale. Chumba chao cha kulia kilikuwa ghorofani, chembamba, chenye dari ya boriti na makabati ya vioo ambamo vikombe vya mbio vilisimama pamoja na sahani za kaure. Bi Aziza alipika mwenyewe: wali wa nazi, samaki wa kupaka, na achari ya embe iliyotoa machozi. Aliniketisha upande wa dirisha, akanijazia sahani bila kuniuliza, na akanihoji kuhusu matundu na nati kama mama mwingine angenihoji kuhusu mchumba. Sijui kama nimewahi kula nikiwa na furaha kama ile. Mimi niliyezoea kula kwa kusimama, kando ya jiko la watu, nilikuwa nikisubiriwa mezani.

Ijumaa moja nilikuwa nanawa mikono ukumbini, na mlango wa jikoni haukuwa umefungwa vizuri. Nilimsikia Bwana Athman.

"Siwezi, Aziza."

"Huwezi nini?"

"Kila nikikanyaga breki nausikia mfupa wako."

 Nilisikia mwiko ukiwekwa juu ya kifuniko. Kisha Bi Aziza akasema, "Mfupa ni wangu, na mimi siusikii tena. Wewe waubebea nini?"  Nilifungua maji kwa nguvu ili wajue kuna mtu, nikarudi mezani, na tulipokaa kula Bwana Athman alinisogezea kichwa cha samaki, ambacho siku zote alikuwa akikila yeye. Nadhani alijua kwamba nimesikia.

Sasa nifikie lile ambalo kwa muda mrefu sikulisema kwa mtu. Bamba la kulia lilitoka vizuri. La kushoto nilikuwa nikilitoboa siku ya Alhamisi, nikiwa nimewaahidi kwamba Ijumaa gari litakuwa kwa miguu yake. Keekee ilinitoroka. Tundu likaenda kando, kiasi cha upana wa kucha. Chuma kile kilikuwa kipande cha mwisho cha aina yake tulichokuwa nacho, na Fundi alikuwa ametoka. Ningeweza kumngoja nimwambie. Badala yake nilizisikia gereji zote nane, moja baada ya nyingine, zikisema, si tulikwambia? Nikalijaza tundu kwa kuchomelea, nikalisawazisha kwa tupa, nikatoboa upya mahali panapofaa. Kisha nikalipaka rangi nyeusi. La kulia nalo nikalipaka, ili yafanane. Fundi aliporudi aliyashika mabamba yote mawili, akayapapasa kwa kidole gumba kingo zake, akasema, "Kazi safi." Tukayafunga. Jioni ile Bwana Athman alilizungusha gari mara tatu pale mtaani, likawa linasimama kama lililoshikwa na mkono. Watu wote walicheka kwa furaha. Nami nilicheka.

Nilijua nilichofanya. Sitaki kujisingizia ujinga wa ujana. Tulifundishwa darasani, na ningeweza kukuandikia ubaoni, kwamba chuma kilichochomelewa namna ile hakiaminiki mahali penye moto na mvuto. Lakini gari lilisimama, na kila mara liliposimama nilijiambia kwamba labda.

Siku iliyofuata mezani Bi Aziza alinisimulia ajali, kwa mara ya kwanza, bila kuulizwa. Alisema kilichomtisha si kugonga. Kilichomtisha ni uso wa mumewe alipokanyaga mara ya pili. "Alinitazama kama mtu anayeomba radhi, Kadzo. Bado hatujagonga, na yeye ashaniomba radhi." Bwana Athman alikuwa ameinamia sahani yake. "Ndiyo maana nilitaka breki hizi zifanywe na mtu nimjuaye. Nikuone ukila, nikuone ukicheka. Nikikukabidhi roho yangu niwe najua nimemkabidhi nani."

Nilikuwa na tonge mkononi. Nililirudisha sahanini.

"Bamba la kushoto halifai," nikasema.

Wote wawili waliniangalia.

"Nilikosea tundu. Nikalichomelea, nikatoboa upya."

"Fundi ajua?" akauliza Bwana Athman.

"Hajui. Nilipaka rangi."

"Mbona ulipaka rangi?" Bi Aziza aliuliza hili, taratibu, kama mtu anayetaka tu kujua.

"Lisionekane."

Bwana Athman aliinuka, kiti kikaanguka nyuma yake. Sikuwahi kumsikia akipaza sauti. "Basi imekwisha! Gari lirudi stoo, lifunikwe turubai, na habari hii isiongelewe tena katika nyumba hii. Waniona, Aziza? Waona nilichokuwa nikikwambia?" Nililia, bila sauti. Bi Aziza alingoja mumewe amalize. Alingoja hata akakiinua kiti chake na kukaa. Kisha akanisogezea bakuli la maji ninawe, na kitambaa.

"Umesema," akaniambia. "Ungeweza usiseme, na umesema. Kula kwanza. Ukishakula nenda ukalitoe bamba hilo, na leo hii umwambie Fundi kwa kinywa chako. Jumatatu nitakuja."

"Bado wataka kupanda?" akauliza Bwana Athman.

"Sasa ndiyo nataka zaidi."

Nilikula. Kila nikisema kwamba nilimaliza sahani ile, watu huona ajabu, lakini aliketi akinitazama hadi nikamaliza, na ni sahani ile iliyoniwezesha kutembea hadi Buxton.

Fundi Bakari alinisikiliza hadi mwisho bila kuniangalia. Alilifungua bamba mwenyewe, akalibana kwenye jiliwa, akachukua nyundo nzito. Alipiga mara moja. Hakuna kitu. Mara ya pili, hakuna kitu, na kitu fulani kibaya ndani yangu kikaanza kutumaini. Mara ya tatu, ya nne. Mara ya tano bamba lilikatika, palepale nilipochomelea, kipande kikaruka kikagonga mabati. Akakifuata, akakiokota, akaniwekea kiganjani. "Mlima wa Taita una kona nyingi kuliko tano," akasema.

Nikamngoja anifukuze. Akavua kofia, akaketi juu ya tairi. "Mimi niliyashika mabamba haya, nikasema kazi safi. Wajua kwa nini sikuona?" Nikatikisa kichwa. "Kwa sababu sioni, Kadzo. Macho yangu yameondoka mwaka wa pili sasa. Ya mbali naona. Ya karibu ni ukungu mtupu. Kile kipimo sikisomi. Ndiyo maana nilikuajiri, uwe ukinisomea, na wewe usijue, na mteja asijue." Aliyafuta macho yale kwa ukosi wa ovaroli. "Breki za ile ajali nilizifunga mimi. Nikasema, nikikubali kwamba sioni, watasema hata siku ile sikuona. Basi nami nimepaka rangi yangu."

 Nilikaa kwenye tairi la pili. Redio ilikuwa ikisoma hali ya hewa. Baada ya muda aliniambia nifagie vumbi la chuma, na tukaanza upya.

Jumatatu Bi Aziza alikuja kama alivyoahidi, na Fundi alimwambia ya macho yake, akiwa amesimama, mikono imeshikana mbele. Mama yule aliguna tu, akampeleka siku ile ile kwa daktari wa macho. Fundi Bakari alirudi na miwani minene yenye fremu ya kahawia, akatembea gereji nzima akisoma kwa sauti maandishi ya kila kopo, kila boksi, kila kalenda, hata nikaona haya kumtazama. Alisafiri tena bara kutafuta chuma. Tukayafanya mabamba yote mawili upya, hata la kulia lililokuwa zima. Safari hii nilisoma kipimo mimi, kisha akasoma yeye, kisha tukatoboa. Hatukupaka rangi. Yalifungwa yakiwa chuma kitupu, kinachong'aa, na Bi Aziza alichuchumaa kwa taabu, akaushika mguu wa gari, akayatazama kwa muda mrefu.

Kwanza tulikwenda Kwale. Tulivuka feri ya Likoni alfajiri, mimi nikiendesha pikapu ya Fundi kama nilivyozoea kwenda nayo kuchukua vyuma, Bwana Athman mbele na gari jekundu. Mteremko wa Kwale aliushuka mara sita. Kila mara alipofika chini tulilipandisha gari jeki, tukagusa kila nati, tukanusa. Mara ya sita Fundi alinipa miwani yake niyatazame mabamba kwa ukaribu zaidi, ingawa macho yangu hayakuihitaji. Hapakuwa na ufa. Hapakuwa na kitu.

Wiki iliyofuata tulikwenda Taita. Fundi Bakari alibaki Mwatate na pikapu yake. Alisema atatungoja kwenye mkahawa wa chai chini ya mlima, na sikumwuliza kwa nini. Mimi nilidhani nitabaki naye. Bi Aziza aliukunja mbele ule mgongo wa kiti chake, akanionyesha nafasi ya nyuma, finyu, isiyokuwa na mto. "Aliyezifunga atashuka nazo," akasema. Hakusema kwa ukali. Nikaingia.

Tulipanda hadi Wundanyi, tukapumzika, tukanywa chai ya tangawizi kutoka kwenye chupa yake. Kulikuwa na baridi ambayo sisi watu wa pwani hatuijui, na harufu ya majani mabichi. Kisha Bwana Athman akaligeuza gari, na Bi Aziza akatoa daftari mkobani. Lilikuwa lile lile la zamani, kurasa zake zimekuwa rangi ya chai. Akaanza kusoma. Sauti yake ilibadilika. Haikuwa ya mezani wala ya gereji. Ilikuwa kavu, ya haraka, isiyo na woga. "Kulia, pole. Kushoto, kali. Ngoja. Ngoja. Sasa." Bwana Athman alikanyaga, na nilihisi breki zikibana, kupitia sakafu, kupitia mifupa yangu, imara, na tena, na tena. Nilihesabu kona hadi nikapotea. Nilinusa moto wa breki, lakini mguu wake haukuzama. Kisha Bi Aziza akanyamaza, sentensi nusu, na nikajua tumefika. Kona ilikuwa ya kushoto, na ukingoni mwake miti ilikuwa michanga kuliko mingine. Niliuona uso wa Bwana Athman kwenye kioo. Midomo yake ilikuwa imekauka.

"Athman," akasema mkewe. "Kushoto. Kali. Kanyaga."

Akakanyaga. Gari likakaa chini kwa miguu yote minne, likageuka, likapita.  Kona zilizobaki alizisoma zote, moja moja, hadi ya mwisho, hadi njia ikanyooka na nyumba za Mwatate zikaonekana, na hapo akalifunga daftari, akaliweka magotini, akaegemeza kichwa.

Bwana Athman alipolizima gari mbele ya mkahawa, mikono yake haikuweza kuuachia usukani. Fundi Bakari alikuja mbio, akachungulia kwenye kila gurudumu kwa miwani yake mipya, kisha akafungua mlango na kumtoa rafiki yake taratibu, na wazee wale wawili wakashikana pale kando ya njia, wakilia na kucheka, watu wa mkahawa wakiwatazama. Bwana Athman alisema hawezi kuendesha tena leo; atarudi na Fundi kwenye pikapu.

Bi Aziza hakushuka. Alinitazama, akakigonga gonga kiti cha dereva kwa kiganja. "Kaa wewe, mwanangu. Twende kwetu."

Nilikaa. Nilisogeza kiti mbele, nikajaribu breki mara mbili kabla ya kuingia barabarani. Hadi Voi alizungumza, kuhusu achari, kuhusu bei ya embe, kuhusu jirani yake mmoja mchokozi. Voi tulinunua ndizi. Tulipopita Maungu sikuisikia tena sauti yake, nikadhani anawaza, nikageuka kidogo. Alikuwa amelala. Mtandio umemteleza, mdomo wazi kidogo, mkono mmoja juu ya daftari. Barabara ile siku zile ilikuwa mashimo matupu, malori yakituvaa mbele na nyuma, na mara kwa mara nililazimika kukanyaga kwa nguvu. Kila nilipokanyaga nilimtupia jicho. Hakushtuka. Alilala hadi Mariakani, akalala hadi Mazeras, na mimi, mtu ambaye wiki chache tu kabla ya siku ile nilimpakia rangi nyeusi juu ya uongo, niliendesha polepole kuliko nilivyohitaji, ili asiamke mapema.